Mkono wa Euclides Mlangoni mwa Mto

Alhamisi ile bahari iliitupa boti yetu ufukweni, kichwa chini. Mimi nilikuwa nimeing'ang'ania. Kaka yangu Euclides hakuwepo.

Miaka mitatu sasa. Hajaonekana.

Huku pwani ya Chocó, mto unapoingia baharini, mchanga hujikusanya na mawimbi hupasukia hapo. Ukirudi nyumbani kutoka kuvua, huna njia nyingine.

Mmoja anashika injini, macho mbele. Mwenzake anakaa mbele ya boti akitazama nyuma, anasoma mawimbi. Mkono juu, ongeza mwendo. Mkono chini, punguza.

Mwenye injini hageuki. Iwe isiwe.

"Absalón, mbona umenuna kama umenyimwa samaki?" kaka alinitania Alhamisi ile.

"Bahari imechafuka, kaka."

"Bahari niachie mimi. Wewe tazama mkono tu."

Tukaingia penye mawimbi. Mgongoni nikasikia mngurumo, kama lori linamwaga kokoto. Nywele zikanisimama.

Kisha boti ikapinduka.

Watu walipouliza, nikajibu: "Alishusha mkono. Alisoma wimbi vibaya."

Wakaamini. Nani angebisha?

Mwezi uliopita Yaneisi, binti ya Euclides, aliomba kazi ya kukaa mbele kwenye boti ya mzee Don Evelio. Mzee akacheka.

"Damu ya Euclides? Binti, mimi uhai wangu bado naupenda!"

Yaneisi akanigeukia. Nilikuwa palepale, nashona wavu.

"Baba mdogo, ni kweli baba alikosea?"

Niliogopa kuliko siku ile majini.

"Hapana," nikasema. "Mkono wake ulikuwa juu. Haukushuka hata kidogo. Mimi ndiye niliyegeuka. Niliona ukuta wa maji, nikapunguza mwendo. Wimbi likatukuta."

Don Evelio akavua kofia.

Yaneisi hakulia.

"Miaka mitatu nimemwonea baba yangu aibu. Na wewe unakuja kula kwetu kila Jumapili."



Wewe unayesoma, kama uliogopa, sema uliogopa. Usimbebeshe marehemu kosa lako. Yeye hawezi kujitetea, na wanaoumia ni watoto wake.

Tangu Jumatatu Yaneisi anakaa mbele kwenye boti ya Don Evelio. Mimi hakuna anayenipa injini. Napakua magunia ya mchele, na Jumapili nakula peke yangu.