Koki Kuu ya Nyumba ya Rashidiya

Nasikia nchi za baridi mabomba hupasuka kwa sababu maji huganda ndani yake. Hapa Dubai kazi hiyo hufanywa na jua. Nyumba niliyopanga chumba, mtaa wa Rashidiya, ilikuwa ya zamani, na mabomba yake ya plastiki yalipita juu ya paa bila kivuli chochote. Kila kiangazi moja lilichanika. Mchana ukifungua bomba la maji baridi ulipata maji ya kuungua mkono, ndiyo maana sisi, kama nyumba nyingi za hapa, miezi ya joto tulizima hita na kutawadha kwa maji yaliyopoa ndani yake.

Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kizanzibari, mjane, aliyeingia humo akiwa bibi harusi. Mimi ni mtu wa Mombasa, nafanya kazi ofisini Silicon Oasis. Nilidhani nimepata mwenye nyumba, kumbe nimepata mama wa pili, mwenye ulimi mkali kumshinda wa kwanza.

Mwaka huo bomba la paa lilichanika na maji yakakatika. Bibi akafanya vile tunavyofanya watu wa pwani: akaacha bomba la chumba cha kufulia wazi, ndoo chini yake, ili maji yakirudi ayasikie. Kisha akajilaza, usingizi ukamchukua. Fundi aliyeitwa kuliunga bomba la paa alipomaliza akafungulia maji. Ndoo ikajaa, ikafurika, na zulia la sebuleni likalowa lote. Mimi sikumlaumu. Kwetu, siku ya mgao, anayefunga bomba ndiye mzembe.

Mwanawe hakuliona hivyo. Ni mtu mzima, mpole, lakini siku hiyo alisimama juu ya zulia linalochuruzika, pindo la kanzu amelikunja mkononi, uso umemjaa hofu.

"Mama, bomba moja tena, khalas. Unahamia kwangu. Siku likipasuka uko peke yako utafanya nini?"

Kwake ni fleti, ghorofa za juu kabisa. Bibi alingoja mwanawe aondoke.

"Kule juu nikae nitazame nini, mwanangu?" akaniuliza. "Hata mawingu nchi hii haina."

Niliumia, na hasira zikanipanda. Mtu hang'olewi kwake kwa sababu ya plastiki. Ijumaa iliyofuata nikaleta fundi bomba. Akabadilisha mabomba ya paa na kuyavisha sponji. Bibi akaongeza mikeka yake mikuukuu juu, akaifunga kwa kamba, na paa letu likafanana na wodi ya majeruhi. Koki kuu, ile ya ukutani nje inayokata maji ya nyumba nzima, ilikuwa imekaza kwa kutu. Fundi akaweka mpya, nyepesi kuzungusha. Nikaizungushia utepe mwekundu. Alitushauri tubadilishe na mpira wa chini ya sinki ya jikoni, maana ulikuwa umeanza kuvimba. Tukasema tutaubadilisha, na hatukuubadilisha.

Tulifanya mazoezi. Mimi napiga kelele jikoni, "Maji! Maji!" Bibi anatoka nje akiburuta kandambili, "Yalla, nimekusikia, mie si kiziwi!" na kufunga koki.

Ule mpira ukapasuka nikiwa kazini. Bibi alinipigia simu, na moyo ukanipasuka na mimi.

"Bibi, funga koki kuu! Ile ya nje!"

"Nshafunga zamani. Nakupigia uje na chakula, leo sipiki."

Nilipofika, mwanawe alikuwa ameshatangulia. Jirani alimpa habari. Amesimama jikoni, kwenye sakafu iliyokwisha kupigwa deki, anautazama mpira uliochanika.

"Mama, tulikubaliana," akasema.

Niliogopa kweli. Nilijua akisema twende, bibi atakwenda, kwa kuwa anampenda. Lakini bibi alimshika mkono akamtoa nje mpaka kwenye koki.

"Nimefunga hapa, mwenyewe. Kisha nikafungua mabomba yote, yaliyobaki yatoke. Umeona hata zulia limerowa? Haya, niambie wewe. Kwako maji yanafungwa wapi?"

Mwanawe akaitazama koki. "Kuna watu wa jengo, mama. Unawapigia simu."

"Na wasipopokea?"

Akatoa simu, akampigia mkewe na kumuuliza. Sauti ya mke tukaisikia sote: "Kufunga maji gani?" Mimi nikageukia ukutani nisionekane ninavyocheka. Bibi hakucheka. Alimtazama mwanawe kwa huruma, kama mtoto aliyetoka shule na homa.

"Baba, nikae kwako nikiwa na wasiwasi hivyo?"

Mwanawe akaikunja mikono ya kanzu, akainama mbele ya koki.

"Hebu nionyeshe, mama," akasema. "Inazungushwa upande gani?"