Figa la Kagwiria

Mimi nikikasirika sifichi, na habari hii ya Mzee Muthamia sitaisimulia kwa upole.

Muthamia ni jirani yangu hapa juu ya Laare, mkulima wa miraa, na kwa miaka arobaini amelitunza rundo la mawe la ukoo wao. Mtu wao akifa, watu wa nyumba yake huchukua jiwe moja nyumbani kwake na kulipeleka kule kilimani. Mwanamke hupelekewa figa la jiko lake mwenyewe. Muthamia hulipokea, hulipanga, na ukimuuliza atakuonyesha lipi ni la nani bila kubabaika. Mimi ni mwalimu, Mmbeere niliyeolewa huku, na hata jiwe la marehemu mama mkwe wangu alinionyesha lilipo.

Basi wenye malori wakaanza kuyaiba mawe hayo wawauzie wajenzi. Mzee akalia na ofisi zote kwa barua, yaani mimi ndiye niliyekuwa namwandikia. Mwaka juzi ofisi moja ya mambo ya kale ikaitikia. Wakarusha droni, wakaleta na roboti ya magurudumu manne iliyolizunguka rundo siku mbili ikipima jiwe moja moja. Kisha wakafukia vitambuzi, hata jiwe likiongezwa au likisogezwa simu ya afisa wao, Misheck, inalia kule Meru mjini. Muthamia alifurahi mpaka akamchinjia Misheck mbuzi.

Tukiwa kwenye nyama, Misheck akauliza, "Na kuna mawe mapya yanayowekwa hapa?"

Mzee akanitazama. Sote wawili tuliwaza kitu kimoja: wakisikia kuna jiwe la juzi, watasema hii si mali ya kale, watafungasha vyombo vyao waende.

"Mwambie halijaongezwa kitu tangu mababu," Muthamia akaniambia kwa Kimeru.

Nikatafsiri hivyo hivyo, bila aibu. Misheck akaandika.

Mwezi wa tatu mwaka huu Kagwiria, mke wa Muthamia, akafa. Baada ya mazishi mzee akang'oa figa moja jikoni kwake, likiwa bado na masizi, akapanda nalo kilimani na kuliweka kwa mikono yake. Mchana huohuo likaja gari la ofisi. Misheck alilinganisha rundo na picha iliyopigwa na roboti, akalionyesha kwa kidole lile jiwe jeusi, akasema ni uharibifu.

"Ni la mke wangu," mzee akasema kwa Kiswahili chake cha taabu.

"Mzee, wewe mwenyewe ulisema hakuna jiwe linaloongezwa."

Nilijaribu kueleza. Nilisema tulidanganya, nikasema ni kosa langu. Misheck akajibu kwamba maelezo yapelekwe ofisini kwa maandishi, kisha akalitupa figa nyuma ya gari. Nilimchukia mtu yule, na nilijichukia zaidi.

Tangu siku hiyo mzee hali vizuri. Anasema Kagwiria yuko nje, wenzake wote wako ndani, na yeye aliyewapangia watu wote mahali amekosa pa kumweka mkewe.

Wiki iliyopita nilipeleka mwenyewe, Meru, barua yetu ya tatu ya kuliomba figa. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na kilichouzuia usijifunge kwa upepo ni jiwe jeusi lenye masizi upande mmoja. Nikamwomba karani anipe. Akasema hiyo ni mali ya ofisi, labda nilete idhini ya Misheck, na Misheck yuko Embu anafunga mitambo kwingine. Nikasimama pale kama mjinga. Kila aliyeingia alilisukuma kwa kiatu.

Niliporudi Muthamia alikuwa ananingoja barabarani.

"Mwalimu, umeliona?"

"Nimeliona, mzee. Wameliweka mahali pazuri."

Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru.