Mbolea ya Bwana Bakari

Harufu ya ua nta haiji mchana. Husubiri jua lizame na kuku waingie tunduni, ndipo ianze kupenya madirishani polepole, harufu ya asali iliyochanganyika na kitu kingine ambacho mpaka leo sijakipatia jina. Jana magharibi ilinikuta nakoroga uji hapa Kibiti, basi la Lindi limeshapita na vumbi lake limetua, nikauacha mwiko ndani ya sufuria. Mjukuu wangu akadhani nimeugua. Sikuugua. Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Mtawanya, wakati ule wa vita vya Maji Maji, nina pakacha la samadi kichwani, namfuata Bwana Bakari ambaye naye kajitwika lake.

Lakini nikianzia kwenye samadi hamtanielewa. Ngojeni nianze na shangazi.

Shangazi Zaina, dada yake baba, aliolewa na Athumani, Mmatumbi aliyeshuka kutoka milima ya kusini ya mto Rufiji kuja kukata boriti kwenye mikoko ya delta. Athumani hakuwa na mali ila alikuwa na mkono wa kupanda. Safari moja alirudi na kipande cha tawi la ua nta alichopewa na mabaharia waliokuja kupakia boriti. Alikuwa amekivingirisha kwenye makumbi mabichi ya nazi kama mtu aliyebeba yai. Majani yake yalikuwa manene, yanang'aa kana kwamba yamepakwa nta. Akakipanda kwenye kifuu alichokitoboa chini, akakitundika barazani kwetu, maana yeye na shangazi walikaa nasi. Akamwambia mkewe kuwa ua hili lina maringo, halichanui upesi, lakini siku litakapochanua yeye atakuwepo na atamvika kwa mkono wake.

Halafu Wamatumbi wakang'oa pamba waliyolazimishwa na Wajerumani, na vita vikawaka. Ndugu zake Athumani wakamwita. Akachukua shoka lake, akavuka mto.

Sisi wa huku vita tulivisikia zaidi kuliko kuviona. Tuliona watu waliokimbia wakipita na vitoto mgongoni, kisha tukaiona njaa, maana maghala yalikuwa yamechomwa. Wachache walirudi. Athumani hakurudi.

Kaka yake mkubwa, Bwana Bakari, alikuwa ametangulia kuhamia huku, jirani yetu pale Mtawanya. Alikuwa na wake wawili, mbuzi wengi, na kikohozi kilichotangulia kufika kila alipokwenda. Siku moja kikohozi kilifika barazani kwetu, naye akafuata, akakaa na baba.

"Zaina," alisema, "mdogo wangu hayupo tena. Kaa eda. Ikiisha nitakurithi, ndiyo desturi yetu."

"Nani kamwona amekufa?" shangazi akauliza.

Bwana Bakari akakohoa.

"Basi mie si mjane," akasema. "Athumani kaniambia ua hili likichanua atakuwepo. Likichanua naye hayupo, nitakaa eda bila kuambiwa na mtu."

Bwana Bakari aliutazama mmea. Ulikuwa na afya, majani yamebanana, na yeyote angeapa kuwa ua liko njiani. Baba, ambaye ugomvi ulikuwa ukimpa homa, akasema hilo ni neno la haki. Ila Bwana Bakari hakuwa mjinga.

"Usije ukaliacha likafa kwa makusudi," akaonya. "Ulitunze."

"Nitalitunza, shemeji. Nitalitunza mpaka mtaa mzima ushangae."

Na mtaa ulishangaa kweli. Mimi nilikuwa binti wa kuteka maji na kutumwa, kwa hiyo yote yalipita mikononi mwangu. Shangazi alinifunza kutia kidole kwenye udongo kabla ya kumwagilia, kwa sababu mmea ule ukilala na maji huoza mizizi; kufuta vumbi kwenye majani kwa kitambaa chenye unyevu; kuchanganya udongo na vipande vya mkaa na makumbi ili maji yapite. Kifuu kilipojaa mizizi, akauhamishia kwenye chungu. Chungu hakijajaa, akauhamishia kwenye mtungi mkubwa uliovunjika shingo. Akauweka nyuma ya nyumba chini ya upenu, penye kivuli, jua lisije likaunguza majani. Vile vikonyo virefu vitupu visivyo na majani alikuwa akivikata. Alisema vinakula nguvu bure.

Na mbolea je? Mbolea aliileta Bwana Bakari mwenyewe. Alikuwa na haraka, na mwamba ngoma huvutia kwake. Kila mara alikuja na samadi ya mbuzi zake, na maji yaliposhuka bondeni alileta tope jeusi la mafuriko ya Rufiji, lile linalootesha mpunga hata kwa mvivu. Mimi nilimsaidia kubeba kwa moyo wangu wote. Nilikuwa nikilitamani ua lile kuliko yeye alivyomtamani shangazi. Nilitaka kulivaa Idi. Nikitoka chuoni kusoma Kurani nililisomea Fatiha.

Mmea ukapanda fito, ukafika mapaani, ukageuka kushuka. Majani yakawa mapana kama viganja. Wanawake walitoka mbali kuja kuutazama, wakaondoka wakitikisa vichwa. Ua, hakuna.

"Mbona halichanui?" Bwana Bakari aliuliza, jasho likimtiririka.

"Linakua bado, shemeji, huoni? Subira huvuta heri," shangazi alimjibu, akimrudishia pakacha tupu. Naye akaenda kulijaza tena.

Nilichukia. Niliamini kuna mtu kalitupia jicho ua letu.

Kisha asubuhi moja alipita mwanamume mmoja, mwembamba, miguu imepasuka kwa safari. Wapita njia walikuwa wengi, sikumjali. Shangazi alimpa maji na mhogo wa kuchemsha, wakazungumza Kimatumbi kwa sauti ndogo, akaenda zake. Jioni nikamkuta shangazi uani na shoka dogo ambalo sikuwa nimeliona kabla, mpini wake una alama iliyochomwa kwa moto. Nikadhani kalibadilisha na mhogo. Alikuwa akipasua makumbi nalo, taratibu mno, kana kwamba kila pigo lina thamani.

"Nishikie kile kifuu," akaniambia. "Hiki chombo ni kikubwa mno."

Akakata tawi moja zuri kutoka kwenye ule mmea mkubwa, lenye mizizi yake, akalibana ndani ya kifuu kile kidogo cha zamani, nami nimekishika kwa mikono miwili. Akakitundika barazani upande wa mashariki, jua la asubuhi linapofika. Tangu hapo alikinyima. Maji kidogo, samadi hakuna. Samadi ya Bwana Bakari aliishukuru kama kawaida, akaitia kwenye mchicha. Vikonyo virefu vilipotoka, hakuvikata.

Likachanua baada ya mvua za vuli. Lilikuwa kishada cha vinyota vyeupe, kila kimoja na tone la utamu katikati. Nilipiga kelele nikakusanya mtaa. Bwana Bakari alifika na kanzu iliyofuliwa. Shangazi alichuma maua tu, kikonyo akakiacha, kwa sababu ua nta huchanua tena palepale lilipochanua mwanzo. Akayachomeka kwenye msuko wangu.

"Vaa wewe, mwanangu," akasema. "Mie nina eda, sijitii manukato."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Eda ilipokwisha, kikohozi kilifika barazani mapema kuliko jogoo. Shangazi alimkaribisha vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Niliahidi eda, shemeji, nami nimeikaa," akamwambia. "Kurithiwa, nani alikuahidi?"

Baba alicheka hata kofia ikamdondoka. Bwana Bakari, na kwa hili nampa heshima yake, akaomba tawi la kwenda kupanda kwake. Shangazi hakuolewa na mtu asiyemtaka. Alilima mpunga wake, akazeeka akiwa na sauti nyumbani mwake.

Mimi niliolewa Kibiti, nikaja na tawi langu. Nikalilisha, nikalihamishia vyombo vikubwa, nikapata majani ya kushangaza mtaa. Miaka ikapita. Kisha siku moja nikanusa harufu ile nyuma ya jiko, nikakuta kipande nilichokisahau kwenye kopo lenye kutu, mizizi imebanana, juani, kimechanua. Nikakaa chini pale pale. Nilimcheka kwanza Bwana Bakari, maskini, aliyejitwika mwenyewe kila pakacha lililomchelewesha. Shangazi alikuwa hajavunja ahadi hata kidogo. Alilitunza.

Kicheko kikakatika nilipokumbuka lile shoka. Mkata boriti huchoma alama yake kwenye mpini. "Nani kamwona amekufa?" shangazi aliuliza siku ile, na yule mpita njia ndiye aliyemwona. Hakumwambia mtu, hakulia mbele ya mtu. Jioni ile uani ndiyo yalikuwa mazishi ya Athumani, na aliyehudhuria nilikuwa mimi peke yangu, nimeshika kifuu, nikiuliza ua litatoka lini.