Chupa Sita za Mikebuka

Nikisikia mtu anasema zawadi ni moyo, si bei, mpaka leo ninakunja uso. Niliwahi kuyaamini maneno hayo, nikaenda nayo ukweni.

Mwaka ule walimu tulikuwa tumefundisha tangu shule zifunguliwe bila kuona mshahara. Tuliambiwa pesa zimetoka Kinshasa, ziko njiani. Njiani zililiwa. Noeli ikakaribia.

Mke wangu alikuwa binti wa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli hapa Kalemie, mwenye nyumba ya matofali na abakosti tatu, suti zile zisizotaka tai, alizozivaa kwa zamu. Alasiri ya Noeli wakwe tulimpelekea zawadi mbele ya watu wote. Dada mkubwa wa mke wangu aliolewa na mfanyabiashara aliyekuwa akivuka ziwa kwenda Kigoma. Kila mwaka bwana huyo alishusha katoni nzima: nyama za makopo, biskuti, siagi, majani ya chai. Mimi nilikuwa na chaki.

Lakini nilijua kupika samaki. Bibi yangu, aliyenilea, aliuza samaki wa moshi karibu na bandari, na kwa kuwa hakuwa na mjukuu wa kike alinifundisha mimi. Wiki mbili kabla ya Noeli nikaanza kushuka ufukweni asubuhi, mitumbwi ya taa inaporudi, nikichagua mikebuka minene. Niliikausha kwa moshi wa kuni za mpera, polepole, nikiigeuza kama mtu anayegeuza mgonjwa. Nikaitoa miiba, mwiba mmoja baada ya mwingine, nikaikaanga nyama yake katika mawese mapya pamoja na tangawizi, vitunguu saumu na pilipili ndogo, nikaikamulia ndimu. Chupa za konfitiri, yaani jamu, niliomba kwa majirani, nikazichemsha. Mke wangu alikata kitenge chake cha zamani, akavika kila kifuniko kitambaa na kukifunga kwa uzi. Chupa sita. Tulizipanga mezani tukazitazama.

“Hata komisera wa wilaya angekula,” mke wangu alisema.

Siku yenyewe, baada ya misa, uwanja wa baba mkwe ulijaa watu. Katoni ya mfanyabiashara ilifunguliwa kwanza na wanawake wakapiga vigelegele. Kisha mzee akainua chupa yangu moja, akaiangalia kwenye jua.

“Hii njo nini? Dawa ya minyoo?”

Watu wakacheka.

“Ni samaki, Papa. Mikebuka.”

“Samaki! Ziwa liko pa mulango, na muntu ananiletea samaki ku Noeli! Nani alipika?”

Nilimwona mke wangu anafungua mdomo. Nilijua atasema ni yeye, na kama ningenyamaza mambo yangeishia pale.

“Mimi, Papa.”

Kicheko kilichofuata sijakisahau. Yule mkwe mwenzangu alicheka mpaka akajifuta macho.

“Mwalimu anapika! Na binti yangu, yuko anasahihisha kaye za watoto wa shule?” Halafu mzee akabadilisha uso. “Na mama mukwe wako akule kitu chenye ulishika kwa mikono yako? Unataka kutuletea mikosi? Ondoa.”

Ni kweli, kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawakai karibu, hawatazamani, hawali pamoja. Lakini mzee aliikumbuka mila baada ya watu kucheka, si kabla. Akazisukuma chupa kwa kiatu chini ya kiti. Kwa kiatu! Mke wangu akapiga magoti mbele ya watu wote, akazikusanya ndani ya kikapu, tukaondoka bila kula.

Njiani nilitaka kuzitupa zote ziwani. Mke wangu akaushika mpini wa kikapu. “Tupa, lakini ujue unatupa kazi ya wiki mbili.” Tulipofika nyumbani tukahesabu tano. Tulifungua moja tukala na bukari, ugali wetu wa muhogo, na ilikuwa tamu kuliko zote nilizowahi kupika, jambo ambalo lilinikasirisha zaidi.

Siku tatu nilitembea na hasira hiyo. Niliongea peke yangu, nikimjibu mzee majibu ambayo sikuyapata siku ile.

Siku ya nne, mama mkwe akaja. Hakuingia. Alisimama nje ya uzio, amenipa mgongo nusu kama desturi inavyotaka, kitenge kimefunika kichwa.

“Mukwe, chupa moja ilibakia chini ya kiti. Nilikula. Tangu mama yangu afariki sijakula samaki ya namna ile. Kama iko ingine, naomba. Papa yenu asijue.”

Maneno niliyoyangoja siku tatu yalikuwa yamekuja kwa miguu yao mpaka nyumbani kwangu. Na mimi nikajibu:

“Mama, ile ni dawa ya minyoo. Muende kwa mukwe wenu mwengine, makopo yako mengi.”

“Asante, mukwe,” akasema, akaenda zake.

Mke wangu alikuwa jikoni, alisikia yote. Hakupiga kelele. Alitoka na sufuria mkononi. “Mama yangu alivunja mila kwa kukuheshimu. Ulimupiga mwenye hakukupiga.” Wiki nzima hakuniambia neno lingine.

Wiki ilipokwisha nilimtuma ampelekee mama yake chupa mbili. Zilirudi hazijafunguliwa.

Miaka ikapita. Biashara ya Kigoma ikamharibikia yule mkwe mwenzangu, katoni zikakoma, na Noeli moja nikamwona baba mkwe mezani kwangu anachovya bukari katika mikebuka yangu. “Mukwe, ongeza pilipili,” alisema, kana kwamba hajawahi kusema kingine. Nikamwongezea.

Yeye hakuniomba msamaha. Nami kwa mama mkwe sikwenda kuomba. Nilijificha nyuma ya desturi, nikasema mwanaume hasogei karibu na mama mkwe wake. Desturi ileile niliyomlaumu mzee kwa kuitumia. Mama mkwe alizikwa huko njia ya Kabimba, kwa ndugu zake, na siku ya maziko nilisimama mbali, kama inavyotakiwa.