Diski Iliyojaa Nusu

Mjomba, Mungu amweke mahali pema, alikuwa fundi wa kompyuta mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Yeye na dada yake mdogo walikuwa na kibanda cha picha na video kilichopakana na saluni: dada anapiga picha, kaka anashughulika na mashine. Mashine yao ilitumia Linux badala ya Windows ya kila mtu, na hilo alimwambia kila mteja, hata aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho tu.

Siku walipopata diski mpya, ilibidi aipange kwanza kabla haijawekwa chochote. Programu ya kupangia huwa na mpango wake wa kawaida. Ukiuacha ulivyo, unabonyeza Enta, kazi imekwisha. Mjomba akaukataa, akaandika amri zake ndefu. Dada alipouliza ya nini yote hayo, akajibiwa kwamba mpango wa kawaida ni wa watu wa kawaida. Diski, alimweleza, ni kama kabati: ina nafasi ya mizigo, na ina vibandiko vya majina. Kila faili, liwe nene au jembamba, linakula kibandiko kimoja. Wao wangeweka video za harusi, mafaili machache manene. Vibandiko vyote vile vya nini? Akavipunguza mno, akajipongeza kwa nafasi aliyookoa. Vikishapangwa haviongezeki, lakini hilo halikumnyima usingizi.

Mama yao, alipokuwa hai, alikuwa akiwatumia wote wawili sala kwa simu kila asubuhi, sauti fupi fupi. Alipofariki, dada alizihamishia zake zote kwenye ile diski, kando ya picha za pasipoti za wateja.

Ikafika siku bwana harusi mmoja amesimama pale anasubiri video yake, na mashine ikagoma: diski haina nafasi. Mjomba akapandisha hasira. Mbele ya mteja na wasusi waliokuja kuchungulia, alimsema dada yake kwamba amegeuza ofisi kuwa makaburi kwa sauti zake zile.

"Lakini ni ndogo, kaka," dada akasema. "Zote pamoja hazifikii video ya harusi moja."

"Fundi hapa ni nani?"

Wasusi wakacheka. Dada akauliza kama afute zote.

"Zote. Mama ameshakwenda, wateja wapo."

Akazifuta. Video ikaingia bila tatizo, na Mjomba akawatazama watu kama aliyeshinda kesi.

Bwana harusi alipoondoka, akataka kuona ameokoa nafasi kiasi gani. Nusu ya diski ilikuwa tupu. Zile sauti hazikuwa na uzito wa kuacha pengo kama lile, kwa hiyo ilikuwa tupu tangu mwanzo. Vilivyokwisha ni vibandiko, vile alivyovipunguza yeye, maana kila sauti ilikula kimoja. Akahangaika kuzirudisha sauti. Kilichorudi ni mikwaruzo tu, maana video ya harusi ilikwisha kulala juu yake.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini kesho yake dada aliingia kichwa chini, akamwomba msamaha kwa kujaza diski. Ule msamaha ulimchoma kuliko tusi. Akamwomba asubiri, akatoka kuwaita wasusi, kwa kuwa alimwaibisha mbele yao, akasema yote: diski haikujaa, kosa ni lake, na mama yao amefutwa bure. Safari hii hakuna aliyecheka. Wakarudi kazini.

Dada alikaa kitini. Kisha akashika tumaini moja.

"Za kwako si zipo kwenye simu?"

Hapo ndipo Mjomba alipokosa pa kuuweka uso.

"Nilikuwa nazifuta zikiingia," akasema. "Sijasikiliza hata moja."

Hakuthubutu kumtazama. Aliivuta kibodi, akahamishia kazi za wateja kwenye diski ya zamani, akaanza kuipanga upya ile mpya, na kila mara programu ilipomuuliza akabonyeza Enta, akiuacha mpango wa kawaida ulivyo. Mwishowe, akiwa bado amegeukia kioo cha kompyuta, akauliza mama alikuwa anasema nini.

"Alikuwa anaanza na wewe," dada akasema. "Kila siku, wewe kwanza, ndiyo mimi."

Mjomba akamwomba amtamkie sala moja, kama anakumbuka. Dada alimwacha angoje. Halafu akafumba macho, akaanza polepole, kwa maneno ya mama yao, naye Mjomba akainamisha kichwa juu ya kibodi, huku mteja amesimama mlangoni na hakuna aliyemkaribisha.