Sauti Yangu Imo Ndani ya Pedali ya Mwanangu

Msimamizi wa ukurasa, niwie radhi. Uliponihakikishia kwamba utalificha jina langu, nilikuahidi kisa hiki ndani ya wiki moja, na sasa imepita miezi mitatu. Sikuwa mgonjwa. Niliogopa.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu, na ninaishi Kitale pamoja na mke wangu. Kwetu kwa asili ni Matulo, upande wa Bungoma, na huko ndiko tulikomzika mwana wetu wa pekee, ambaye hapa nitamwita Simiyu.

Simiyu alikuwa mpiga gitaa katika bendi ya roki. Walizunguka Eldoret, Kisumu, hata Kampala, wakibeba magitaa na amplifaya nzito kama magunia ya mahindi. Kila alipokuja nyumbani alifanyia mazoezi sebuleni. Miguuni pake alipanga pedali, yaani visanduku vya chuma ambavyo mpigaji huvikanyaga ili kuibadilisha sauti ya gitaa. Kimoja huikwaruza, kingine huipa mwangwi. Kimojawapo, kidogo kama kipande cha sabuni, hunasa na kuhifadhi kinachopigwa, na kukirudia bila kuchoka mpaka ukizime.

Alasiri ya mwisho tuliyokuwa pamoja, mke wangu alikuwa amekwenda soko la Kamukuywa kununua maharagwe. Mimi nilikuwa nikisoma, na kelele ile ilinijaa kichwani hadi nikasimama mlangoni na kufoka: "Chukua takataka zako uondoke, na usirudi kwangu!" Simiyu hakunijibu kwa kinywa. Alifungasha vyombo vyake, akaenda ziarani. Wiki mbili baadaye alishikwa na homa ya uti wa mgongo huko Jinja, akafariki kabla hatujamfikia.

Mazishini nilipewa nafasi ya kusema. Nikasema, mbele ya ukoo mzima, kwamba siku ile nilimwekea mwanangu mkono kichwani nikamtakia safari njema. Mke wangu, aliyekuwa ameinama, aliinua uso akanishika mkono. Tangu siku hiyo, maneno hayo ndiyo yanayompa usingizi.

Siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, vitu vya marehemu viligawanywa kama ilivyo desturi yetu. Nguo walipewa binamu zake, gitaa akapewa mpiga besi wa bendi, ambaye nitamwita Kevo. Amplifaya ilibaki sebuleni kwangu kwa sababu haikutoshea garini mwao. Mimi niliomba ile pedali ndogo tu. Rangi yake ilikuwa imebanduka pale mguu wa Simiyu ulipozoea kukanyaga, nami nilitaka kuwa na alama hiyo. Sikujua kilichomo.

Kevo alirudi kuitazama amplifaya Ijumaa moja, mke wangu akiwa sokoni. Akaniambia, "Mzee, si utoe ile pedali tusikie kama bado iko sawa?" Akaunganisha nyaya, akakanyaga.

Simiyu akapiga gitaa. Sina namna nyingine ya kulieleza jambo hilo. Alipiga sebuleni mwangu, akiwa kaburini. Kisha ikaja sauti nyembamba, kama ya mtu aliye ndani ya tangi: "…na usirudi kwangu!" Kimya. Halafu noti nne za gitaa, polepole, noti moja kwa kila silabi, kwa mwendo uleule aliokuwa akiniitikia nao tangu utotoni: "Ndiyo, Baba." Kisha yote yakaanza upya.

"Nimeingiaje humo?" nikauliza.

"Gitaa yake ilikuwa na sumaku za zamani, bana. Ukipiga kelele karibu, zinashika hadi sauti ya mtu. Kwani hukuwa unajua? Hapo ndipo tulikuwa tunaanzia shoo."

"Kila mji?"

"Kila mji, mzee. Watu walikuwa wanashangilia wakikusikia. Wengine walikubatiza ati Mkuu wa Jela."

"Na Simiyu alicheka?"

Kevo alitazama viatu vyake. "Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa anangoja zile noti nne, ndio anaanza kupiga."

Bendi inaandaa onyesho la kumkumbuka mjini Bungoma, na wanataka kulianza vivyo hivyo. "Mama atakaa mbele kabisa," Kevo aliniambia. "Lazima asikie Simiyu." Alipokuwa akiondoka alinionya: "Usikanyage ukashikilia, mzee. Ukihesabu tatu, imefuta yote."

Tangu hapo, kila Ijumaa mke wangu akienda Kamukuywa, ninamsikiliza mwanangu, nami ninajisikiliza nikimfukuza. Siku nyingine ninazisikia noti zile nne hata pedali ikiwa kabatini. Lango likilia, sufuria ikichemka, ninaitikiwa. Ijumaa mbili zilizopita niliukaza mguu juu yake. Nikahesabu moja, nikahesabu mbili, nikauondoa. Sauti yangu haifutiki peke yake. Ikienda, Simiyu naye anakwenda.

Ijumaa iliyopita mke wangu alirudi mapema, akanikuta nimepiga magoti mbele ya amplifaya iliyozimwa.

"Baba Simiyu, unaufanyia nini huo mtambo?"

"Ninaupangusa vumbi."

Aliketi kando yangu, akaishika pedali mapajani kama mtu anayepakata mtoto. "Hebu niambie tena," akasema. "Ulipomwekea mkono kichwani, alikujibu nini?"

Nikamwambia, "Alijibu, 'Ndiyo, Baba.'" Akatabasamu.

Ndugu wasomaji, nikiitoa pedali, mke wangu atausikia ukweli ukumbini, katikati ya watu wanaoshangilia. Nikiifuta, nitakuwa nimemfukuza mwanangu mara ya pili. Nikimwambia mwenyewe, nitampokonya faraja pekee iliyombakia. Kevo anakuja kuichukua Jumamosi. Nishaurini, nifanye nini? Sitawaacha tena gizani kama nilivyomwacha msimamizi: mguu wangu ukishaamua, nitawaandikia.