Tulivyokwenda Kulala Porini kwa Raha Zetu

Jamani, mkasa huu huwa siusimulii, maana kila nikiukumbuka nasikia uso unawaka, lakini kwa kuwa leo mmeamua kuchekana wenyewe kwa wenyewe, acha na mimi niwape changu mnicheke, halafu yaishe.

Nilikuwa karani wa stesheni pale Kilosa, kijana, suruali zangu bugaluu za miguu mipana, na barua yangu ya posa ilikuwa Mabwerebwere kwa Mzee Salumu, bwana shamba, baba yake Zaina. Zaina ndiye aliyekuwa akininyima usingizi. Jibu nilikuwa nilipate Jumatatu, na mtu mwenye akili siku hizo angetulia nyumbani, afue shati, aonekane msikitini. Mimi nikamsikiliza Mshamu.

Mshamu alikuwa dereva wa wazungu waliojenga barabara ya lami ya kule Mikumi, na walipoondoka walimwachia hema. Akatusimulia kwamba wale watu kila Jumamosi walikuwa wanaacha nyumba zao nzuri wanakwenda kulala porini, kwa raha tu, wanakunywa chai kando ya moto. Tukaona kama ni raha kwa nini wafaidi wao peke yao. Basi mimi, Mshamu na Kleti fundi cherehani tukapakia kwenye Landrova ya kuazima hema, godoro, sufuria, kuku mzima na debe la maji, tukaondoka Jumamosi ile. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu, na tulipopita Mikumi tukakuta nyasi zimeungua, vumbi tupu, mti wa maana hakuna, kama jangwa. Mshamu akasema hapa ndipo penyewe. Tulipofungua mlango wa nyuma tukakuta debe limepinduka (Kleti ndiye aliyeambiwa alishike, na mpaka leo anabisha) na maji yote yamenywewa na godoro. Ikabidi Mshamu arudi Mikumi kutafuta maji mengine, akatuacha sisi wawili tumekaa juu ya godoro lililoloa, sufuria huku, kuku kafungwa miguu kule. Gari likamgomea hukohuko, ila hilo tulikuja kulijua kesho yake.

Jua linazama, akatokea mzee mmoja, jembe begani.

"Shikamoo mzee," tukamwamkia.

"Marahaba wanangu. Poleni sana. Gari limewashusha hapa?"

"Limetushusha, mzee. Limefuata maji."

"Ndivyo walivyo. Hata sisi walitushusha hivihivi. Nyumba yangu waliibomoa, hata mlango sikuwahi kuuchukua, nikalala nje na wajukuu zangu."

Hapo ndipo nikaelewa. Ulikuwa wakati ule wa watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, na huyu alikuwa mwenyekiti wa kijiji kipya nyuma ya kilima, akadhani na sisi ni wahamiaji. Nikafungua mdomo nimweleze. Lakini ndugu zangu, mtu kavunjiwa nyumba, kalala nje na wajukuu zake, utaanzaje kumwambia kwamba wewe nyumba unayo ila umekuja kulala nje kwa raha? Nikaona aibu, nikasema, "Ndiyo mzee, tumehamia."

"Na familia?"

"Inafuata, mzee."

"Mke na watoto watatu," akadakia Kleti, ambaye hakuna aliyemuuliza. "Mimi ni shemeji yake."

Akatuchukua kijijini kwake, watu wakatupa ugali na mlenda, na bibi mmoja akatuletea blanketi ambalo nina hakika alikuwa nalo hilohilo moja. Kila nilipotaka kusema kweli nakuta wameshatutendea wema mwingine, na kweli inazidi kuwa ngumu. Asubuhi mwenyekiti akagonga kipande cha reli, kijiji kizima kikatoka: mgeni ajengewe nyumba. Kabla ya adhuhuri nilikuwa juu ya boriti nafunga fito, kifua wazi, bugaluu nimezikunja mpaka magotini, ndipo ikaingia pikipiki ya bwana shamba aliyekuja kupima mashamba. (Siku zile kazi ya vijiji haikujua Jumapili.)

Mzee Salumu. Nikamwamkia kulekule juu, na mkwe mtarajiwa hatupiwi shikamoo kutoka kwenye paa. Nikashuka kwa kuteleza, suruali ikachanika nyuma.

"Bwana shamba," mwenyekiti akasema kwa furaha, "huyu ndiye mwenzetu mpya, hodari kwelikweli. Nyumba yake tunaifanya kubwa, ana mke na watoto watatu."

Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee Salumu akaniangalia. "Wangapi?"

"Watatu," akajibu Kleti.

Wakati huohuo Mshamu akaingia anapiga honi, akachungulia dirishani: "Jamani, tunalala tena porini, au raha zimetosha?"

Ikabidi nieleze yote mbele ya watu. Hakuna aliyenitukana, na heri wangenitukana. Yule bibi alinitazama akasema, "Kumbe nyumba unayo, mwanangu," akaenda kuchukua blanketi lake. Niliumia sana.

Jumatatu nikaenda Mabwerebwere na mashahidi wangu wawili, Mshamu na Kleti. Mzee Salumu alitusikiliza mpaka mwisho.

"Nimeulizia, mke huna," akasema. "Na hata ungekuwa naye, Zaina angekuwa wa pili, dini inaruhusu. Lakini mtu una nyumba, una kitanda, una chandarua, unakwenda kulala porini kwa hiari yako. Siku nikimkuta binti yangu amelala nje kwako, nitajuaje kama ni shida au ni raha?"

Akanirudishia barua yangu.

Zaina aliolewa Rudewa, mke wa pili, na mimi nililia kama mtoto, sioni haya kusema. Tangu hapo niliapa sitalala nje tena. Hata msibani, wanaume wakitandika mikeka uani, mimi huomba kona ndani kwa akina mama, na wanaonicheka wacha wacheke.